UTI Inayofuata Kalenda

Wanawake wakifika dirishani kwangu hawasemi wanaumwa nini. Wanasema, "Mama, naomba kupima UTI." Jina hilo la ugonjwa, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wamekwisha kulipata njiani: kwa shoga, kwa muuza duka la dawa, au kwa aliyewatibu mwezi uliopita. Mimi natoa kikopo, napokea mkojo, nachovya kijiti, nauzungusha mkojo kwenye mashine, kisha naweka tone chini ya darubini na kuhesabu ninachokiona. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote ya utumishi hapa Arusha, kwanza hospitali ya serikali na sasa katika zahanati ndogo huku Engutoto.

Kazi hii imenifundisha kutazama kitu ambacho fomu ya maabara haina nafasi yake, nacho ni tarehe. Kuna wanawake ambao UTI yao inafuata kalenda. Inawaanza siku mbili tatu kabla ya hedhi, inachacha damu ikitoka, inapoa hedhi ikikatika, na mwezi unaofuata inarudi palepale. Katikati hapo mtu amechomwa sindano tano za Powercef, amemaliza dozi ya Cipro, ameongezewa Azuma na Flagyl, na kila mara anaamini dawa imemponya maana maumivu yameisha. Maumivu yameisha kwa sababu hedhi imeisha.

Naandika makala haya kwa ajili ya wanawake hao, na kwa ajili ya waume zao waliochoka kununua dawa zisizomaliza kitu.

Baadhi yao wana endometriosisi iliyofika kwenye njia ya mkojo. Endometriosisi ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba inaota mahali pengine: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Popote ilipo inafuata homoni zilezile. Homoni zikipanda inanenepa, zikishuka inavimba na kuvuja damu. Damu ya kizazi ina njia ya kutokea, hii haina. Inabaki humohumo, mwili unaizungushia makovu, na viungo ambavyo vilikuwa vinateleza kimoja juu ya kingine vinagandana. Bibi zetu wangesema ni chango la kike, na maumivu wanayoyataja kwa jina hilo ni ya kweli kabisa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, yaani watu milioni 190 duniani. Njia ya mkojo huguswa kwa wachache wao, kama asilimia 1 ukiwahesabu wote, lakini kwa wale ambao ugonjwa umezama ndani ya nyonga kiwango hicho hupanda sana. Ukishafika huko, kibofu ndicho kinachoathirika mara nyingi, kwa zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10. Mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo inafuata kwa mbali. Figo yenyewe kuota ugonjwa huu ni nadra.

Unafikaje huko? Mwaka 1927 daktari wa Kimarekani John Sampson alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagikia tumboni, ikiwa na chembe hai zinazoweza kushika na kukua. Maelezo yake bado yana nguvu, ila hayatoshi peke yake, kwa kuwa damu hiyo hurudi kwa wanawake wengi sana na wanaougua ni baadhi tu. Kibofu kimelala mbele ya kizazi, vinagusana kila siku, kwa hiyo kilichomwagikia hapo katikati kina pande mbili za kushika. Wapo pia wanaoupata baada ya kujifungua kwa upasuaji, chembe za kizazi zikibaki kwenye kovu jirani na kibofu.

Sasa nieleze jambo linaloniumiza kama mtu wa maabara. Mwanamke akija kupima mkojo akiwa kwenye siku zake, tunamwambia arudi akimaliza. Sababu yake ni nzuri. Damu ya hedhi ikidondokea kikoponi, kijiti kitaonyesha damu na protini ambavyo havikutoka kwenye mkojo, na daktari atapotea. Kwa wagonjwa wengi ushauri huo ni sahihi. Lakini kwa mwenye uvimbe wa endometriosisi kwenye kibofu, siku tunazomwambia arudi baadaye ndizo siku pekee ambazo mkojo wake ungeweza kusema kitu. Akirudi wiki inayofuata, mkojo ni msafi, anaonekana hana tatizo, au anakutwa na seli chache za usaha zilizotokana na uchafu wa ukeni na kuandikiwa dozi nyingine.

Njia ipo, na si ngumu. Anajisafisha kwa maji, anaweka tamponi, anaacha mkojo wa mwanzo uende, anakinga wa katikati. Ikishindikana, muuguzi anautoa moja kwa moja kibofuni kwa mpira. Damu ikionekana hapo imetoka kwenye njia ya mkojo, na mwenye fomu aandike pembeni: siku ya pili ya hedhi. Maneno hayo manne matano yanaweza kumwokolea mtu miaka.

Isipoonekana damu, bado hatujamaliza. Uvimbe huu kwa kawaida huanzia upande wa nje wa kibofu, ule unaotazamana na kizazi, na kupenya kuelekea ndani. Kwa wengi haujafika kwenye utando wa ndani, na ndiyo maana damu ya kuonekana hutokea kwa robo hivi tu ya wagonjwa. Waliobaki wana maumivu ya kukojoa, haja ndogo ya kila nusu saa, kubanwa kwa ghafla, na maumivu chini ya kitovu kibofu kinapojaa. Dalili zote hizo ndizo tunazoziita UTI.

Na UTI tunaiita kwa wepesi mno. Utafiti mkubwa uitwao HATUA, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ambao kwetu ulichukua wagonjwa wa Kilimanjaro, Mbeya na Mwanza, ulipima mikojo ya watu zaidi ya 7,500 waliofika vituoni na dalili za UTI. Mikojo ilipooteshwa, walioonekana kweli kuwa na vijidudu walikuwa asilimia 35. Kati ya vijidudu vilivyoota, karibu nusu vilikuwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Wapo ambao walikuwa wameshameza dawa kabla ya kupimwa, na hilo lazima lihesabiwe. Hata hivyo, kwenye benchi la kusubiria lenye watu kumi wenye dalili, kuwapa wote kumi antibayotiki ni kuwapa wengi wao dawa wasiyoihitaji, na kuwaacha na ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta.

Simwambii mtu apuuze UTI. Ipo, na kwa mjamzito ni hatari. Wala damu kwenye mkojo isipelekwe moja kwa moja kwenye endometriosisi. Aliyekulia Kanda ya Ziwa au pwani tunamtafutia kichocho kwanza, kwa mkojo uliokingwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati ambao mayai hutoka kwa wingi. Mkojo wenye usaha mwingi usiootesha kitu unatukumbusha TB, ambayo huku kaskazini tunaijua vizuri, kwa kuwa Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imewahudumia wagonjwa wake tangu miaka ya 1920. Kuna mawe, kuna saratani. Mganga mzuri hupita kote huko. Ninachodai ni kwamba akishapita na kukuta hakuna kitu, asirudi nyuma kwenye sindano tano.

Mtoto wa dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini. Ameniruhusu nieleze habari zake bila jina. Kwa muda mrefu aliificha shida yake, maana kituo kimoja alichokwenda kilimwambia kwamba mumewe ndiye anayemrudishia vijidudu. Mume naye akameza dozi, kisha akaanza kuulizwa maswali usiku, na nyumba iliyokuwa na amani ikaanza kutikisika. Darasani alikuwa anawapa watoto zoezi ili apate kukimbilia chooni. Alipoamua kuniambia, alikuja na mfuko wa karatasi za majibu.

"Shikamoo mama mdogo. Hii UTI yangu imekuwa sugu, naomba unipimie wewe mwenyewe."

"Marahaba mwanangu. Kabla sijakupimia, nitajie siku zako zilianza tarehe ngapi mwezi uliopita. Na mwezi ule mwingine."

Tarehe alikuwa nazo kwenye simu. Tukazipanga karatasi juu ya meza, moja baada ya nyingine, na kila karatasi ikaangukia wiki ileile ya mwezi. Niliotesha mkojo wake, hakuna kilichoota. Nikamwomba daktari wetu amwandikie ultrasound, na nikamsihi aandike kwenye fomu maneno mawili zaidi: kibofu na figo.

Kipimo kilifanywa kwa kifaa cha kupitia ukeni, akiwa na mkojo kiasi kibofuni. Hilo ni muhimu, maana kibofu kikiwa kitupu kabisa ukuta wake unakunjamana na uvimbe unajificha. Palionekana uvimbe wa sentimita mbili na nusu kwenye ukuta wa juu wa kibofu, pale kinapogusana na kizazi. Mpimaji akapandisha kifaa kingine mbavuni. Figo ya kulia ilikuwa nzuri. Ya kushoto ilikuwa imejaa maji.

Binti huyu hakuwahi kulalamika kiuno hata siku moja.

Ureta, yaani mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kibofuni, una urefu wa sentimita 25 hadi 30, na tundu lake ni milimita 3 au 4 tu. Unapita kando ya kizazi, chini ya mshipa wake mkubwa wa damu, karibu kabisa na kano zinazokishikilia kwa nyuma. Hapo ndipo endometriosisi iliyozama huota kwa wingi. Mara nyingi haiingii ndani ya mrija, inauzungushia makovu kwa nje mpaka unabanwa, na upande wa kushoto huathirika zaidi kuliko wa kulia. Wenye mashamba kwenye mteremko wa Meru wanajua mfereji ukizibwa huku chini hautoi kelele. Maji yanarudi nyuma na kujaa juu kimya kimya. Mkojo nao unarudi kwenye figo namna hiyo. Figo inatanuka, nyama yake inakonda, na usipofunguliwa mrija, inakufa. Mwenye figo anaweza kuwa anapika, anafundisha, anacheza harusini, asihisi lolote. Wapo waliogundulika figo ikiwa imeshakufa zamani.

Kipimo changu cha damu hakimwokoi mgonjwa wa namna hii. Kreatinini, ile tunayoipima kujua kazi ya figo, hubaki ya kawaida figo moja ikifa polepole, kwa sababu ya pili inabeba mzigo wote. Nimeona karatasi za kreatinini nzuri zikiwekwa mezani kama ushahidi kwamba figo hazina shida. Karatasi ile inazungumzia kazi ya figo zote mbili kwa pamoja. Haisemi kitu kuhusu ya kushoto peke yake. Mwenye kuisema ni picha, na picha rahisi kuliko zote ni ultrasound. Wenzangu wa maabara, mgonjwa akituuliza kama figo zake ni nzima, tumweleze mpaka wa kipimo chetu.

Hapa Arusha kuna jambo lingine linalotuchelewesha. Tumezoea kuyalaumu maji. Ni kweli maji ya miteremko ya Meru yana floraidi kupita kiasi, meno yetu ya kahawia ni mashahidi, na kwa watoto huweza kuharibu mifupa. Kwa hiyo mwanamke akisema mbavu za kushoto zinamuuma, nusu ya mtaa humwambia ni maji, ahamie ya chupa. Lakini maji tunakunywa kila siku ya mwezi. Maumivu yanayokuja na hedhi na kuondoka nayo yana chanzo kingine. Wakati huo mwanamke anatuliza maumivu kwa Diclopar, asubuhi na jioni. Dawa za jamii ya diklofenaki zinasaidia sana maumivu ya hedhi na siwezi kumnyima mtu, ila hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na figo iliyokwisha kubanwa haistahimili hilo mwezi baada ya mwezi. Mizizi ya kuchemsha isiyojulikana kipimo chake nayo naiogopa kwa sababu hiyohiyo.

Mwalimu wetu alipewa rufaa kwenda Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi. Watu wa kaskazini tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ina taasisi ya magonjwa ya mfumo wa mkojo iliyofundisha mabingwa wa nchi kadhaa za ukanda huu. Kwa ugonjwa huu bingwa wa mkojo na bingwa wa magonjwa ya wanawake lazima wakae meza moja. Wa kwanza peke yake ataona kibofu na kuacha chanzo. Wa pili peke yake anaweza kufika kwenye ureta na kukuta kazi iliyomzidi.

Kabla ya upasuaji hupigwa picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha njia ya mkojo, au MRI inapopatikana, ili kujua mrija umebanwa wapi na nyama ya figo imebaki kiasi gani. Kibofu huchunguliwa kwa kamera nyembamba inayopita njia ya mkojo, na wakati mzuri wa kuifanya kazi hiyo ni karibu na hedhi au hedhi ikiwa inatoka, maana uvimbe hutuna na madoa yake ya bluu au kahawia huonekana. Kipande kidogo hukatwa kwa ajili ya uchunguzi, kusudi saratani isije ikapita kwa jina lisilo lake. Kuukwangua uvimbe kwa kamera hiyohiyo hakutoshi. Umetoka nje kuja ndani. Ukikwangua ndani, mzizi umebaki, na baada ya muda mgonjwa anarudi.

Matibabu yenyewe yana njia mbili, dawa na kisu, na uamuzi unategemea mahali ugonjwa ulipokaa.

Ukiwa kwenye kibofu tu, na figo ziko salama, mwanamke anaweza kuanza na dawa. Hizi ni dawa za homoni zinazotuliza hedhi ili tishu iliyopotea njia isipate cha kuinenepesha: dienojesti, norethisteroni, vidonge vya majira vinavyotumiwa bila kukatisha, sindano ya miezi mitatu ya Depo-Provera, au kitanzi chenye homoni. Nyingine kati ya hizi zipo kwenye kliniki zetu za uzazi wa mpango. Wengi hupata nafuu kubwa. Dawa hizi haziondoi uvimbe, ukiacha dalili hurudi, na unapozitumia kwa kawaida hushiki mimba. Anayetafuta mtoto, au aliyezijaribu bila nafuu, anahitaji upasuaji.

Upasuaji wa kibofu ni kukata kipande cha ukuta chenye uvimbe na kushona kilichobaki. Watu huogopa wakisikia kibofu kinakatwa. Kwa kweli ukuta wa juu wa kibofu unapona vizuri sana, na baada ya miezi michache kibofu kinakuwa kimetanuka tena. Uvimbe ukitolewa wote, kurudi palepale si jambo la kawaida. Penye vifaa na mikono iliyozoea hufanywa kwa matundu madogo, mgonjwa akaenda nyumbani mapema. Penye kufungua tumbo, matokeo ya kibofu yanaweza kuwa mazuri vilevile, ila kovu ni kubwa na mapumziko ni marefu. Mgonjwa hubaki na mpira wa mkojo kwa siku 7 hadi 14, na kabla ya kuutoa hupigwa picha yenye dawa kuhakikisha pamekauka.

Ureta iliyobanwa haisubiri dawa. Homoni zinaweza kupunguza uvimbe, lakini kovu gumu haliyeyuki kwa kidonge, na kila mwezi wa kusubiri figo ndiyo inayolipa. Mabingwa hupanda ngazi. Kwanza hujaribu kuuchambua mrija kutoka kwenye makovu na kuuacha huru. Ukiwa umeharibika, kipande hukatwa na ncha mbili kuungwa. Ukiwa umeharibika karibu na kibofu, kama ilivyokuwa kwa binti yetu, sehemu ya chini hukatwa kabisa na mrija kupandikizwa upya kwenye kibofu, ambacho huvutwa juu na kushonewa kwenye msuli wa kiuno ili kiufikie bila kuuvuta. Figo iliyokwisha kufa hutolewa, na mtu akaishi kwa ile moja. Figo ya mwalimu ilikuwa imekonda kidogo. Ilibaki, na inafanya kazi.

Ndani ya mrija mpya huachwa stenti, mpira laini mwembamba uliojikunja ncha zote mbili, juu kwenye figo na chini kwenye kibofu. Kwa wiki zile mtu hukojoa mara kwa mara, huona damu kidogo akitembea sana, na huhisi kuvutwa ubavuni anapokojoa. Hayo huisha stenti ikitolewa. Nasisitiza itolewe. Stenti za kawaida zimetengenezwa kukaa kwa muda, wiki chache hadi miezi michache, na ikisahaulika hushika mawe, huziba, na kuiua figo iliyowekwa kuilinda. Watu husahau kwa sababu wamepona, au nauli ya kurudi ilikosekana. Tarehe ya kuitoa iandikwe kwenye cheti, kwenye simu, na mtu wa nyumbani aijue.

Binti yetu anaendelea na dienojesti na kila baada ya muda anapigwa ultrasound ya figo. Akitaka mtoto ataacha dawa kwa mpango wa daktari wake. Mama mkwe wake alikuwa amemshauri azae haraka, kwamba chango likikutana na mimba linakwisha. Ni ushauri wa mapenzi, na nimeusikia kwenye vikao vingi vya kina mama. Mimba hutuliza dalili kwa miezi ile kwa kuwa hedhi imesimama. Haitibu ugonjwa, na mwongozo wa mwaka 2022 wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi unasema wazi kwamba mwanamke asishauriwe kushika mimba kwa lengo la kujitibu endometriosisi. Kwa mwenye ureta iliyobanwa, miezi tisa bila kuangaliwa inaweza kumgharimu figo.

Kuna wanaouliza, huu si ugonjwa wa Wazungu? Ndivyo vitabu vya zamani vilivyofundisha, na waganga wetu wengi walivisoma. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alionyesha kwamba wanawake weusi wengi waliokuwa wakitibiwa maambukizi ya nyonga walikuwa na endometriosisi. Hapa kwetu wanaoandikiwa PID sugu, yaani maambukizi hayo ya nyonga, ni wengi, na sioni sababu ya kufikiri miili yetu ni tofauti na ile ya Chicago. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, aliusema ugonjwa wake hadharani wakati ambapo wengi walikuwa hawajasikia jina lake. Alipasuliwa zaidi ya mara kumi, na mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Kwa jirani zetu Kenya, mtangazaji Njambi Koikai alisumbuliwa na endometriosisi iliyofika mpaka kifuani, akafariki Juni 2024. Hata Uingereza, yenye hospitali nyingi kuliko sisi, ripoti ya chama cha wagonjwa ya mwaka 2024 ilisema mwanamke anapita wastani wa miaka 8 na miezi 10 kabla ya kupewa jina la ugonjwa wake. Miaka kama hiyo kwenye ureta ni mingi mno.

Dada yangu unayesoma haya, kama UTI yako inakuja na siku zako, andika tarehe kwa miezi mitatu: siku hedhi ilipoanza, siku ya maumivu ya kukojoa, siku ya damu. Ukienda kutibiwa, mwonyeshe daktari karatasi hiyo kabla ya kumwonyesha za dawa ulizomeza. Omba mkojo wako uoteshwe kabla ya dozi nyingine. Ukipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, usisubiri tarehe wala karatasi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiambiwa una endometriosisi iliyozama kwenye nyonga, hata kama hukojoi kwa shida, usiondoke bila figo zako zote mbili kutazamwa kwa ultrasound. Kipimo hicho kipo hapahapa Arusha, hakina sindano, na kinachukua dakika chache.